Kusoma datashiti ya chipu ya kumbukumbu ili uandike kiendeshi cha kuaminika

Tangu nianze kuwasaidia vijana wanaotengeneza vifaa vya kupimia maji na hali ya hewa hapa Mwanza, maswali yanayonifikia ni yale yale. Mmoja huuliza kwa nini chipu yake ya kumbukumbu inarudisha FF kila mahali. Mwingine, kwa nini data aliyoandika leo imechanganyika na ya jana. Wa tatu ana kiendeshi, yaani programu inayoiendesha chipu, alichokinakili mtandaoni, ambacho mezani kwake Nyegezi kinafanya kazi vizuri, lakini kikifikishwa kwenye vizimba vya sato ziwani kinapoteza rekodi. Karibu kila mara jibu limo katika waraka wa mtengenezaji wa chipu, ambao mafundi tumezoea kuuita datashiti, na muulizaji tayari anao kwenye kompyuta yake. Kinachomkwamisha ni kwamba waraka huo ni mrefu, umeandikwa kwa mkato, na hakuna aliyewahi kumwonyesha ni majedwali yapi hasa yanayogeuka kuwa msimbo.

Hapa nitakuonyesha kazi hiyo kwa chipu moja halisi, W25Q64JV ya Winbond, ambayo ni kumbukumbu ya aina ya flashi (haipotezi data umeme ukikatika) inayowasiliana kwa njia ya SPI, yaani waya chache zinazopitisha biti moja moja kwa kufuata mapigo ya saa. Nimeichagua kwa sababu chipu za ukoo wake zinapatikana kwenye vibao vidogo vya bei nafuu na kwenye bodi za ruta kuukuu ambazo mafundi wetu huzichomoa vipuri. Ukiweza kuusoma waraka wa hii, za kampuni nyingine hazitakusumbua, kwa kuwa mpangilio wa nyaraka hizi unafanana sana.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Chipu yenyewe, au kibao chenye chipu hiyo, pamoja na namba kamili iliyochapwa mgongoni mwake. Tumia lenzi au kamera ya simu, usikisie.
- Datashiti ya namba hiyo hiyo, kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe. Ipakue mapema uihifadhi, usitegemee intaneti siku ya kazi.
- Maikrokontrola ya volti 3.3, kwa mfano ESP32. Bodi zinazotoa volti 5 kwenye miguu yake usiziunganishe moja kwa moja.
- Multimita, na ikiwezekana analaiza ndogo ya mawimbi ya kidijitali. Hii ya pili si lazima, lakini humwokoa mtu siku nzima ya kubahatisha.
- Daftari na kalamu. Nasisitiza daftari kwa sababu nitakazozieleza katika hatua ya 2.

Unapaswa pia kuwa unaielewa lugha ya C kwa kiwango cha kuandika kitanzi na kushughulikia biti moja moja, na kuzisoma namba za heksadesimali bila kuhangaika. Katika nyaraka hizi namba hizo huandikwa na herufi h mwishoni: 9Fh ni sawa na 0x9F katika msimbo wako.

Hatua ya 1: Hakikisha waraka ni wa chipu uliyonayo

Herufi zinazofuata baada ya W25Q64 zina maana. JV ni kizazi cha chipu, na kizazi kilichotangulia, FV, kina nyakati tofauti katika baadhi ya majedwali. Herufi za mwisho, kama IQ au IM, hubadilisha hata namba ya utambulisho: chipu ya IQ hujibu EF 40 17, ilhali ya IM hujibu EF 70 17. Mwishoni mwa kila datashiti kuna sehemu inayofafanua herufi hizo moja baada ya nyingine, na ndiyo ninayoanza nayo kabla ya kurudi mbele.

Jambo la pili la kuangalia hapa ni ujazo. Waraka unahesabu kwa biti, wewe unahesabu kwa baiti. Megabiti 64 ni megabaiti 8, yaani baiti 8,388,608, na anwani zake zinaanzia 000000h hadi 7FFFFFh. Nimeona viendeshi vilivyoandikwa kana kwamba chipu hii ina megabaiti 64. Vinafanya kazi kwa miezi kadhaa hadi anwani ivuke mpaka, kisha rekodi mpya zinaanza kuandikwa juu ya za zamani bila onyo lolote.

Hatua ya 2: Tenganisha majedwali matatu ya umeme, na uisome safu iliyo sahihi

Hii ndiyo hatua ambayo wanaoanza huipita haraka, na ndiyo iliyobeba matatizo mengi ya ziwani. Datashiti ina jedwali la mipaka ya mwisho kabisa, jedwali la hali za kawaida za kazi, na jedwali la nyakati. Yanafanana kwa sura, lakini ahadi zake ni tofauti.

Jedwali la mipaka ya mwisho linasema chipu hii inaweza kuvumilia hadi volti 4.6 kwenye mguu wa umeme. Hiyo haina maana kwamba itafanya kazi kwa volti 4.6. Maana yake ni kwamba ukivuka hapo unaweza kuiharibu moja kwa moja. Jedwali la hali za kazi ndilo linalokuambia volti 2.7 hadi 3.6, na kiendeshi chako pamoja na umeme wako vinapaswa kuishi humo. Angalia pia kikomo cha volti kwenye miguu ya mawasiliano: isizidi volteji ya umeme wa chipu kwa zaidi ya 0.4. Kwa hiyo bodi ya volti 5 iliyounganishwa na chipu ya volti 3.3 inavunja sharti hili kila sekunde, hata kama chipu bado inajibu.

Sasa jedwali la nyakati. Lina safu tatu, MIN, TYP na MAX. Safu ya TYP ni wastani wa chipu nzuri katika hali nzuri. Mtengenezaji haahidi chochote kwa safu hiyo. Ahadi yake iko katika MAX kwa mambo ambayo chipu inayafanya, na katika MIN kwa mambo ambayo wewe unatakiwa kuisubiri au kuitimizia. Tazama muda wa kufuta sekta ya kilobaiti 4, kipande kidogo kabisa kinachoweza kufutwa peke yake: TYP ni milisekunde 45, MAX ni milisekunde 400. Tofauti yake ni karibu mara tisa. Kiendeshi kinachosubiri milisekunde 50 kisha kikaendelea kitafaulu mezani kwa sababu chipu ni mpya, na kitashindwa baadaye kwa sababu kadiri flashi inavyotumika, muda wake wa kufuta huongezeka.

Chukua daftari, andika nyakati unazozihitaji pamoja na safu ulikozitoa, kisha zipeleke kwenye msimbo zikiwa na asili yake:

```
#define UKOMO_UKURASA_MS    5      /* tPP  MAX 3 ms    */
#define UKOMO_SEKTA_MS      500    /* tSE  MAX 400 ms  */
#define UKOMO_BLOKU64_MS    2500   /* tBE2 MAX 2000 ms */
#define SUBIRI_KUWASHA_MS   10     /* tPUW MIN 5 ms    */
```

Maelezo hayo mafupi pembeni si mapambo. Atakayekuja kuirekebisha kazi yako baada ya mwaka mmoja, na huenda ukawa wewe mwenyewe, atajua namba imetoka wapi na kama inaweza kubadilishwa. Namba isiyo na asili katika kiendeshi huishia kuogopwa na kila mtu, na hakuna anayethubutu kuigusa hata ikiwa ndiyo chanzo cha hitilafu.

Angalizo: soma tanbihi zilizo chini ya jedwali. Kasi ya juu ya megahezi 133, inayotangazwa kwa maandishi makubwa ukurasa wa kwanza, inahusu umeme wa volti 3.0 hadi 3.6, umeme ukiwa kati ya 2.7 na 3.0 kikomo ni megahezi 104. Na amri ya kawaida ya kusoma, 03h, ina kikomo chake peke yake cha megahezi 50, umeme uwe wowote.

Hatua ya 3: Soma mchoro wa miguu na mchoro wa nyakati kwa pamoja

Alama ya mkwaju mbele ya jina la mguu au mstari juu yake, kama /CS (mguu wa kuichagua chipu), ina maana kwamba mguu huo unatenda unaposhushwa hadi sifuri. Chipu inasikiliza /CS ikiwa chini, na inaanza kutekeleza amri za kuandika au kufuta pale /CS inaporudi juu. Usilipuuze hilo la pili. Waraka unataka /CS ipande mara tu baada ya biti ya nane ya baiti ya mwisho. Ikipanda katikati ya baiti, amri haitekelezwi.

Miguu ya /WP (kuzuia kuandika) na /HOLD (kusimamisha mawasiliano) isiachwe ikining'inia. Kama huitumii, iunganishe na umeme wa 3.3 kupitia rezista. Mguu wa /HOLD ulioachwa wazi hupokea kelele za umeme, na chipu husimama katikati ya sentensi bila sababu unayoiona kwenye msimbo.

Kwenye mchoro wa nyakati tafuta mambo matatu tu: data inasomwa kwenye ukingo gani wa pigo la saa, biti gani inatangulia, na saa inapumzika juu au chini. Chipu hii inapokea data kwenye ukingo wa kupanda, inatoa data kwenye ukingo wa kushuka, inatanguliza biti kubwa, na inakubali modi ya 0 na ya 3 za SPI. Weka modi ya 0, anza na kasi ya megahezi 1, na usiipandishe hadi kila kitu kifanye kazi.

Hatua ya 4: Soma utambulisho kabla ya jambo lingine lolote

Tuma 9Fh, kisha soma baiti tatu. Ya kwanza ni kampuni (EF kwa Winbond, C8 kwa GigaDevice, C2 kwa Macronix), ya pili ni aina, ya tatu ni ujazo. Baiti ya ujazo 17h ni kipeo cha mbili: 17h ni 23, na mbili kwa kipeo cha 23 ni 8,388,608, ile ile idadi ya baiti tuliyoihesabu hatua ya kwanza. Kwa chipu hii hesabu hizo mbili zinapaswa kukubaliana. Zisipokubaliana, simama hapo hapo.

Kiendeshi chako kikatae kuanza kama utambulisho haujulikani. Wauzaji wa vibao hubadilisha chipu kati ya shehena moja na nyingine, na tofauti ndogo zinauma: biti inayowasha njia nne za data, kwa mfano, kwenye W25Q64JV ipo katika rejista ya hali (baiti ya ndani inayoonyesha hali ya chipu) ya pili, ilhali kwenye chipu nyingi za Macronix ni biti ya 6 ya rejista ya kwanza. Chipu nyingi za kisasa zina pia jedwali la ndani la kujieleza, linalosomwa kwa amri ya 5Ah na kuanza na baiti nne 53h 46h 44h 50h. Muundo wake umewekwa na kiwango cha JESD216. Ukitaka kiendeshi kinachokubali chipu za kampuni mbalimbali, soma jedwali hilo badala ya kuandika orodha ndefu ya namba.

Hatua ya 5: Geuza jedwali la rejista ya hali kuwa majina

Rejista ya hali ya kwanza husomwa kwa 05h. Waraka unazichora biti zake kutoka S7 kushoto hadi S0 kulia. Kwa kuanzia unazihitaji chache: S0 inaonyesha kwamba chipu ina kazi, S1 inaonyesha kwamba ruhusa ya kuandika imetolewa, na S2 hadi S4 zinafungia sehemu za kumbukumbu zisiandikwe.

Jaribu hivi. Soma 05h; kwa chipu mpya unatarajia 00h. Tuma 06h, ambayo ni ruhusa ya kuandika, kisha soma tena. Sasa unatarajia 02h. Tuma 04h kuiondoa ruhusa, soma mara ya tatu, iwe 00h. Jaribio hili halibadilishi data yoyote, nalo linathibitisha waya, modi, mpangilio wa biti na uelewa wako wa jedwali kwa mkupuo mmoja. Ninalipenda kuliko jaribio lingine lolote la mwanzo.

Hatua ya 6: Futa, andika, subiri

Kanuni ya flashi ni moja: kufuta hugeuza biti zote kuwa 1, kuandika huweza tu kugeuza 1 kuwa 0. Ukiandika juu ya baiti ambayo haijafutwa, kinachobaki ni zile biti zilizokuwa 1 katika data ya zamani na ya mpya kwa pamoja. Hapo ndipo data ya jana inapochanganyika na ya leo.

Mfuatano wa kufuta sekta ni huu:

1. Tuma 06h, kisha pandisha /CS.
2. Tuma 20h na baiti tatu za anwani, kubwa ikitangulia, kisha pandisha /CS.
3. Soma 05h kwa kurudia hadi S0 iwe 0, au hadi ukomo uliouandika katika hatua ya 2 ufike.
4. Ukomo ukifika, rudisha kosa kwa aliyeita. Usiendelee kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kuandika ni vivyo hivyo kwa amri ya 02h, ikifuatiwa na anwani na baiti zako. Ruhusa ya 06h hujifuta yenyewe baada ya kila kufuta na kila kuandika, kwa hiyo itolewe upya kila mara.

Kosa ambalo linastahili nafasi yake ni la mpaka wa ukurasa. Ukurasa hapa si wa waraka, ni kipande cha kumbukumbu chenye baiti 256, na amri moja ya 02h haivuki mpaka wake. Ukifika mwisho wa ukurasa huku bado unatuma baiti, zinazobaki zinarudi mwanzoni mwa ukurasa ule ule. Waraka unalisema jambo hili kwa sentensi moja katikati ya aya, na mimi niliipita.

Kifaa changu cha kwanza cha ziwani kilikuwa kikipima joto la maji na oksijeni iliyoyeyuka kwenye vizimba vya samaki upande wa Ilemela, rekodi moja kila dakika kumi, kila rekodi baiti 20. Mwenye vizimba, mama mmoja makini sana na hesabu zake, akanipigia simu: "Mwanangu, rekodi ya kwanza kabisa ina tarehe ambayo mimi hata vizimba sikuwa navyo." Gawanya 256 kwa 20 utaona: rekodi kumi na mbili zinajaza baiti 240, na ya kumi na tatu inaanzia 240 na kuishia 259. Baiti zake nne za mwisho zilirudi mwanzoni mwa ukurasa, juu ya tarehe ya rekodi ya kwanza, zikazimaliza biti zake. Uharibifu ulianza saa mbili kamili baada ya kifaa kuwashwa. Majaribio yangu ya mezani yalikuwa ya saa moja.

Dawa yake ni fupi. Kabla ya kila kuandika, hesabu nafasi iliyobaki katika ukurasa, yaani 256 toa baki ya anwani ikigawanywa kwa 256. Andika kiasi hicho tu, subiri, kisha endelea na ukurasa unaofuata. Vinginevyo chagua ukubwa wa rekodi unaoigawa 256 bila baki. Rekodi ya baiti 32 inaingia mara nane kamili, na kwa rekodi 144 kwa siku inatumia baiti 4,608, kwa hiyo chipu hii inabeba siku 1,820, karibu miaka mitano. Baiti 12 nilizokuwa nikizionea huruma hazikuwa na faida yoyote.

Hatua ya 7: Hesabu uchakavu na kukatika kwa umeme

Datashiti inaahidi angalau mizunguko 100,000 ya kufuta na kuandika. Namba hiyo inaonekana kubwa mpaka uigawe. Kiendeshi kinachofuta sekta ile ile kila dakika kumi ili kuhifadhi tu mahali kilipofikia kitatumia mizunguko 144 kwa siku na kumaliza ahadi hiyo kwa siku 694. Kikifanya hivyo kila dakika, ni siku 69. Badala ya kufuta, andika alama mpya mbele ya ile ya zamani ndani ya sekta, na ufute sekta ikijaa tu. Kifaa kikiwaka, kitafute alama ya mwisho.

Kuhusu umeme, tafuta mstari wa kizingiti cha kuzuia kuandika. Kwa chipu hii ni kati ya volti 1.0 na 2.0: chini yake chipu inakataa kuandika. Lakini kazi sahihi imeahidiwa kuanzia volti 2.7. Kati ya 2.0 na 2.7 hakuna ahadi yoyote, na umeme unaoshuka polepole, kama wa betri ya sola alfajiri baada ya usiku wa mawingu, hupita eneo hilo taratibu sana. Kwa hiyo pima volteji kabla ya kufuta sekta. Ikiwa inakaribia 2.8, ahirisha. Weka kapasita karibu na mguu wa umeme wa chipu. Na katika kila rekodi, andika baiti ya uthibitisho mwisho kabisa, kwa amri yake ya pekee, baada ya data yote kuingia. Rekodi isiyo na baiti hiyo ihesabiwe haipo.

Hatua ya 8: Kama unatumia Linux

Kwenye kompyuta ndogo inayoendesha Linux huna haja ya kuandika yote haya. Kerneli ina mfumo wa SPI NOR ndani ya MTD, sehemu yake inayoshughulikia kumbukumbu za flashi, nawe unaeleza kifaa katika mti wa vifaa (device tree) kwa jina `jedec,spi-nor` na kuweka `spi-max-frequency`. Hata hivyo, namba ya kasi unaiandika wewe, kwa hiyo hatua ya 2 bado inakuhusu.

Tahadhari kwa wanaotumia EEPROM ya I2C

Wengi wenu mnatumia chipu za ukoo wa 24C, ambazo ni kumbukumbu za EEPROM zinazowasiliana kwa waya mbili za I2C badala ya SPI. Yote niliyosema kuhusu safu za MIN na MAX na kuhusu mipaka ya kurasa yanazihusu pia, isipokuwa ukurasa wake ni mdogo zaidi (AT24C32 ina baiti 32, 24C256 ina 64), wala hazihitaji kufutwa kwanza. Mtego wake mkubwa ni anwani. Nyaraka nyingi zinaonyesha A0h kwa kuandika na A1h kwa kusoma, zikiwa zimejumuisha biti ya mwelekeo. Maktaba nyingi za programu na Linux zinataka anwani ya biti saba, ambayo ni 50h. Ukizipa A0h, hazitapata kifaa.

Mambo yakikwama

*Utambulisho unarudi FF FF FF au 00 00 00.* Pima volteji kwenye mguu wa chipu yenyewe, si kwenye bodi. Hakikisha waya wa kutoa data na wa kupokea haujabadilishana. Kama programu iliyotangulia iliituma chipu kulala kwa B9h, iamshe kwa ABh na usubiri mikrosekunde chache. Angalia /HOLD.

*Utambulisho unarudi 77 A0 0B badala ya EF 40 17.* Ziandike namba hizo kwa biti: ni zile zile zilizosogea nafasi moja kulia. Unasoma pigo moja mapema. Modi ya SPI si sahihi.

*Data inasomeka sawa lakini imesogea baiti moja.* Unatumia amri ya kusoma haraka, 0Bh, bila kuruka mapigo manane matupu yanayofuata anwani.

*Kuandika hakufanyi chochote.* Soma 05h mara tu baada ya 06h. Kama S1 bado ni 0, ruhusa haikupokelewa. Kama ni namba kubwa kuliko 02h, angalia S2 hadi S4. Huenda chipu iliyochomolewa kwenye ruta imefungiwa na mmiliki wake wa kwanza.

*Inafanya kazi kwa megahezi 1 na kushindwa kwa 40.* Waya za majaribio ni ndefu mno. Zifupishe, au lehemu.

*Maikrokontrola mpya yenye kasi inashindwa pale ile ya zamani ilipofaulu.* Waraka unataka /CS ikae juu angalau nanosekunde 50 baada ya kuandika au kufuta, kabla ya kusoma hali. Maikrokontrola ya polepole ilitimiza sharti hilo bila wewe kujua.

*Baada ya kuwasha upya maikrokontrola, chipu haijibu.* Chipu haikuzimwa, kwa hiyo huenda bado inafuta. Soma 05h kwanza na usubiri. Ikiwa bado iko kimya, tuma 66h kisha 99h, subiri mikrosekunde 30, ujaribu tena. Usitume amri hizo mbili wakati S0 ni 1, kwa maana sekta inayofutwa inaweza kubaki na data isiyotabirika.

*Kufuta chipu nzima kunaonekana kukwama.* MAX ya W25Q64JV ni sekunde 100. Subiri.